Mwaka wa Maji wa Mama Fredy

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mwanzoni kabisa ili asije mtu akaniwahi kulisema kwa namna yake. Mimi ndiye niliyepiga yowe. Mimi ndiye niliyekitangazia kijiji kizima kwamba wifi yangu Klara, Mama Fredy, amefariki, wakati mwenzangu amelala hospitalini Mwanza anapumua. Anapumua kwa mashine, sawa, lakini anapumua.

Klara alizaliwa Mhunze. Kaka yangu Mabula alimuoa akamleta hapa kwetu, kijiji cha ndani kidogo ukitoka Tinde, na mwaka wake wa kwanza tu tukajua tumepata mtu. Kwenye misiba, ugali wa watu mia mbili alikuwa anausonga peke yake, mwiko mrefu kama mpini wa jembe, jasho linamtiririka, na mdomo hauachi kutania. Akisema unga unatosha, unatosha. Akisema hautoshi, mtu anatumwa kuongeza bila kubishana. Sisi wengine tulikuwa tunamkatia mboga tu na kucheka.

Kiangazi Mabula huwa anakwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu, na mwaka juzi Klara akamfuata ili awapikie wachimbaji. Huko ndiko kifua kilikomshika. Alidhani ni vumbi la karasha, zile mashine za kusagia mawe, akaendelea kupika. Siku ya tano akaanguka kwenye moto wake mwenyewe, wakamwahi. Geita wakampokea, wakaona hali si yao, wakamkimbiza Mwanza. Homa ya mapafu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Wakampeleka chumba cha wagonjwa mahututi, wakampitishia mpira kooni, mashine ikawa inampumulia.

Habari zikanifikia mimi kwa simu ya mchimbaji mmoja mwenzake Mabula. Akasema, "Dada, shemeji amewekwa kwenye mashine. Simu ya Mabula imezima, chaja aliiacha huku Rwamgasa. Muombeeni." Basi. Sikuuliza swali la pili. Mnielewe: kabla ya Klara, watu watatu wa kijiji hiki tuliambiwa wamewekwa kwenye mashine, na wote watatu walirudi ndani ya jeneza. Kwetu sisi neno hilo lilikuwa limeshakuwa habari ya kifo, anayelileta anakuonea huruma tu asilitaje lile lenyewe. Nikavua kitenge kichwani, nikatoka uani nikalia kwa sauti ambayo, wanasema, ilisikika mpaka barabara kuu.

Turubai likafungwa. Kikundi chetu cha kuzikana kikaja na unga, kila nyumba bakuli lake, na kuni, na maharage. Mama yake mzazi, Bibi Apolonia, ambaye Klara alimchukua Mhunze akae naye uzeeni, akakalishwa mkekani analia bila machozi, machozi yalishamkauka siku nyingi. Wanaume wakaenda kuangalia mahali pa kaburi. Siku ya tatu, tunasubiri mwili, simu yangu ikaita. Mabula.

"Dada, mbona watu wananipa pole? Klara amefumbua macho leo asubuhi."

Nilikaa chini palepale. Nikawaambia watu, na kwa dakika nzima hakuna aliyejua afanye nini na uso wake. Kisha Bibi Apolonia akaanza kupiga vigelegele, sauti nyembamba, na sisi tukafuata. Msiba ukageuka sherehe, na kwa kuwa ugali ulikuwa umeshaiva, tukaula.

Siku kumi na tisa alikaa na mashine, kisha mwezi mzima wodini. Aliporudi tulimshusha kwenye gari, watu wakasema, "Mama Fredy, mbona umependeza! Umenenepa!" Zile dawa zilikuwa zimemvimbisha uso. Mimi niliyemshika kiuno ndiye niliyejua. Mapaja hayakuwepo. Miguu ilikuwa inatetemeka kwa kusimama tu. Alipotaka kunywa chai kikombe kikamponyoka, akakitazama pale chini kwa mshangao, kikombe cha plastiki kisicho na uzito wowote.

Na hayo ni ya kuonekana. Nywele zilitoka kwa mafungu. Sauti yake, ile ya kutania watu mia mbili, ikabaki ya kukwaruza. Hatua ishirini, pumzi imekata, atafute pa kukaa. Akaanza kusahau: anaita jina la mtoto wake linakataa kuja. Simu ya mtu ikilia ule mlio wa ti-ti-ti, jasho linamtoka, maana mashine za kule zililia hivyo. Na usingizi aliuogopa. Alinieleza kwa aibu kwamba kule kitandani aliona kwa macho yake manesi wanawapakia wagonjwa kwenye lori la pamba, wanawapeleka jineri, kiwanda cha pamba, wakachambuliwe, na zamu yake imefika. Alijua si kweli. Lakini alikuwa anakumbuka hata rangi ya lori.

Watu wakaanza maneno yao. Wengine walisema ni mvivu, ameonja kuhudumiwa akanogewa. Wengine walitaja uchawi, na hao niliwafukuza kwa ufagio, sisemi kwa mfano.

Tukampeleka Shinyanga kwa daktari mmoja, Boaz, kijana mpole anayesikiliza mpaka mwisho. Klara akamweleza yote, na lori nalo. Daktari hakucheka. Akasema, "Mama, mwili ukilala siku kumi na tisa bila kujigeuza, nyama zinakwisha. Na akili yako nayo ilipita mahali pagumu. Wengi wanaotoka chumba kile wanabaki na haya kwa miezi, wengine miaka. Huna wazimu. Hujarogwa. Wewe ni mtu aliyenusurika, na kunusurika kuna kazi yake."

Klara alilia pale kwenye kiti, na nikajua analia kwa furaha. Alipewa mazoezi: kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi, kukamua kitambaa chenye maji kila siku. Yeye kitambaa alikidharau. Akawa anachukua tonge la ugali uliopoa, analifinyanga na kulifinyanga mpaka linakuwa laini kama udongo, kisha anawapa kuku. Kuku wetu mwaka ule walinenepa sana.

Kuna nesi wa kule Mwanza, Aneth, Msukuma mwenzetu, ambaye kila asubuhi alikuwa anainama sikioni kwa Klara na kumwamkia kwa Kisukuma, umeamkaje mama: "Mwangaluka, mayu. Leo Jumanne, mvua imenyesha." Klara alikuwa hajitambui, lakini anasema sauti ile aliisikia kwa mbali na akawa anaifuata. Aliporudi alimpigia simu kumwomba radhi, maana katika zile ndoto alimparura mkono akidhani naye ni wa wale wa lori. Aneth akacheka, akasema kovu limeshapona. Mpaka leo kila Jumanne Klara anampigia, anamwambia "wabeja sana", asante sana, na kama mvua imenyesha huku kwetu. Sijui mtu mwingine anayeshukuru hivyo. Akiamka tu anashukuru kwa sauti, kwa kupumua, mara moja tu, kisha anaanza kulalamika kuhusu chai kama mtu mwingine yeyote.

Sasa nije kwenye kikundi. Kwetu mtu asiye na kikundi cha kuzikana ni mtu asiye na watu. Akifiwa, atachimba na nduguze wanne na atapika mwenyewe huku analia. Klara alisikia jina lake limeshafutwa, na hilo lilimnyima raha kuliko miguu yake, kwa sababu ya Bibi Apolonia, ambaye miaka yake hata yeye haijui. "Wifi," aliniambia, "mimi nimeshapona kufa. Lakini mama yangu akizikwa na watu wanne, nitajuta kupona."

Tukaenda kwenye kikao, pale kwenye banda la mashine ya kusaga. Mwenyekiti wetu ni Mama Jilala, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye tangu nimjue sijawahi kumwona akikaa na kuegemea kitu. Klara akasimama, ameshika nguzo, akasema kwa ile sauti ya kukwaruza, "Shikamooni wakubwa. Nashukuru mlinililia. Si kila mtu anapata bahati ya kuambiwa alililiwa vipi." Watu wakacheka. "Naomba kuendelea na nafasi yangu."

Mama Jilala hakucheka. Akasema, "Mama Fredy, tunafurahi kukuona. Lakini mwanachama anahudumiwa msiba wake mara moja. Wewe umeshahudumiwa. Unga umeliwa, jina limetiwa msalaba. Katiba yetu haina mlango wa kurudi kutoka kaburini. Ina mlango mmoja, wa kuingilia."

Nao mlango huo mnaujua nyie wa huku, wengine niwaambie: mwanachama mpya anatumikia mwaka wa maji. Mwaka mzima, kila msiba, yeye ndiye anayechota maji ya kila mlo mpaka yafike mafigani, kwa kichwa chake, bila kusaidiwa. Akishindwa msiba mmoja, mwaka unaanza upya. Sheria hiyo iliwekwa kwa sababu ya watu waliokuwa wanajiunga mama zao wakiugua, na wakishazika hawaonekani tena.

Hapo ndipo hasira zangu ziliponitoka. Nilisimama nikamwambia Mama Jilala maneno ambayo siyaandiki. Nikasema msiba ule niliutangaza mimi, basi msalaba ule waniandikie mimi. Nikapigwa faini ya mzigo wa kuni kwa kuvuruga kikao. Klara akanivuta kitenge. "Nyamaza, wifi," akasema, kisha akamgeukia mwenyekiti. "Nitachota."

Wiki mbili baadaye akafariki mzee mmoja wa ng'ambo ya barabara. Pampu ya maji, ile ya mdundo, ilikuwa kama hatua mia tatu kutoka nyumba ya msiba. Klara alikuja na kidumu cha lita tatu, kile cha mafuta ya kula. Watu waliona haya kumtazama. Akapiga mdundo kwa mikono miwili, akajitwika, hatua ishirini, akakaa. Hatua ishirini, akakaa. Alipofika mafigani na lita zake tatu, sufuria lenyewe linahitaji lita hamsini. Mimi nilikuwa nakata mchicha na kukata vidole vyangu.

Mama Jilala alisimama akamtazama. Kisha akanyanyua shingo, akanusa. "Upepo wa upande huu mbaya," akasema. "Moshi utawaingia wafiwa. Hamisheni mafiga, tupikie kule karibu na pampu."

Hapakuwa na upepo wowote. Moshi ulikuwa unapanda umenyooka. Lakini tulihamisha mafiga, na sufuria, na kuni, na jiko likawa hatua kumi na tano kutoka kwenye maji. Klara akachota kutwa nzima, kidumu kwa kidumu, na maji ya kila mlo yakafika mafigani kwa kichwa chake bila kusaidiwa. Jioni nilimpelekea Mama Jilala mzigo wangu wa kuni wa faini. Niliongeza na wa pili.

Mwaka ule tulikuwa na misiba minane, na kila msiba upepo ulikuwa mbaya upande usio na maji. Klara akapanda kutoka lita tatu kwenda tano, kutoka tano kwenda kumi. Hatua ishirini zikawa thelathini. Kwa kuwa akienda msibani alikuwa anapumzika kwenye kila mlango, alijua habari za kila nyumba kuliko mjumbe. Kuna msiba mmoja Philomena, mwenzetu anayelalamikia kila kitu, alimwambia kwa mazoea atie chumvi kwenye maharage. Akatia, akasahau, akatia tena. Waombolezaji walikunywa maji siku ile kama ng'ombe waliotoka safari, na maji yenyewe ni yeye wa kuyachota. Alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka vile tangu arudi, na mimi nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Zilipobaki wiki tatu mwaka wake uishe, akafariki Mzee Sostenes, mume wa Mama Jilala.

Nyumba ya Mama Jilala iko juu ya kilima cha mawe. Maji yako chini, pampu iliyo kando ya lambo la ng'ombe, na njia ya kupanda hata mbuzi wanaifikiria kwanza. Na mwenyekiti safari hii alikuwa mfiwa, amekaa ndani mkekani, hatoki kuamrisha chochote. Mafiga yalikuwa yameshapangwa juu, uani kwake, kama inavyostahili.

Klara alijitwika ndoo ya lita kumi akaanza kupanda. Kona ya kwanza akakaa. Alipoinuka, akakaa tena. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nikamshukia, nikataka kuishika ile ndoo, akanizuia mkono. "Usiniharibie, wifi. Wiki tatu tu." Nilitazama juu, nikatazama chini, nikawaza Bibi Apolonia na watu wanne.

Philomena alikuwa juu, mikono kiunoni, anaangalia. Akasonya. Akainama, akanyanyua figa moja, jiwe zima, akaliweka begani akaanza kushuka. Alipotupita akasema, "Mimi magoti yangu hayapandi mlima na maji. Bora yapande na ugali." Nyuma yake akaja mwingine na figa la pili. Kisha la tatu. Kisha masufuria, kuni, magunia ya unga, wanawake arobaini wanashuka kilima kimya kimya.

Siku tatu tulipikia chini kando ya pampu, na siku tatu tulipandisha chakula cha watu zaidi ya mia tatu kwa vichwa, masufuria yanaunguza mpaka ngata haisaidii. Ingekuwa mara kumi rahisi kumpandishia Klara zile ndoo chache. Wanaume walituuliza kama tumerukwa na akili. Shingo yangu iliuma wiki nzima, na ninaikumbuka kwa heshima.

Klara alichota. Akijaza, anatazama ule mstari wa wanawake unaopanda, na machozi yanamdondoka kwenye ndoo. "Mnaniaibisha," akaniambia.

"Chota," nikamjibu. "Ugali hausongwi kwa machozi."

Siku ya tatu mchana, maji ya mlo wa mwisho yalipokwisha kufika mafigani, akaniomba kitu. Chakula cha Mama Jilala akipeleke yeye. Sahani moja ya ugali na kibakuli cha mlenda, si ndoo, atapanda taratibu. Nikamwachia. Alipanda hatua thelathini, anakaa, sahani mapajani ameifunika kwa kitenge. Mimi nilipanda na kushuka mara mbili na kumpita mara zote nne. Alipofika juu nilikuwa nyuma yake.

Kwenye mkeka wa mjane wanakaa wanachama tu. Mwanachama wa maji anaweka chakula, ananawisha, anatoka. Klara akapiga magoti, akaweka sahani, akamnawisha Mama Jilala mikono. Mama Jilala akamega tonge, akalishika bila kula.

"Umepoa," akasema.

"Nisamehe, mama. Tumepikia kule chini."

"Kwa nini chini?"

Wanawake waliokuwa mkekani wakatazama mikono yao. Klara alikuwa bado anahema.

"Kwa sababu yangu, mama. Kilima kimenishinda."

Mama Jilala alikuwa amekonda katika siku tatu zile, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameegemea ukuta. Akala lile tonge. Akatafuna polepole, akameza, kisha akausogeza mwili wake pembeni, ikabaki nafasi kwenye mkeka.

"Wiki tatu ulizobakiza," akasema, "nikiinuka hapa nitazichota mimi. Kaa tule."

Klara akakaa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria kichwani, nikasahau kulitua.